Kugeuza Makali

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima. Goti la Mama limepoa, sasa anapanda ngazi za karakana yangu bila kumlaani aliyezijenga. Kaka bado anatafuta mchumba na bado anasema hana haraka, na sisi tumeacha kumuuliza, jambo ambalo limemkasirisha zaidi.

Kisu kilifika Ijumaa, kimefungwa kwenye kitambaa na magazeti matatu kama mtoto mchanga. Unajua nilivyo. Kila mwaka kabla ya msimu wako wa kubebesha miche, kuunga vikonyo vya mti mzuri kwenye mashina ya mti mwingine, unakituma nikinoe, kila mwaka naahidi kukirudisha baada ya siku mbili, na kila mwaka nakaa nacho mwezi mzima kama mgeni ninayembembeleza asiondoke.

Nikupe habari zake. Mlio wa bapa likikunjwa ndani ya mpini ni ule ule, mdogo na mkavu. Mpini umezidi kuwa mweusi pale kiganja kinapokaa, na lile bonde la kidole gumba limezama kuliko mwaka jana, naapa. Nilichomeka gumba langu humo. Babu alikitumia miaka thelathini na miwili, wewe umekitumia ishirini na tisa, na ule ni mti wa mpera, mgumu, unaovunja meno ya msumeno. Umechimbwa na kidole cha nyama.

Kisha nikapima bapa. Kwenye mfereji wa mpini bado kuna alama ya mahali lilipokuwa likiishia enzi za Babu, upana wa vidole viwili. Leo limebaki upana wa kidole cha mwisho. Chuma chote kilichopungua kimeondokea kwenye jiwe, chembe kwa chembe, na miti iliyobebeshwa nacho inazaa kwenye viwanja vya watu ambao hatutawajua. Nikiwaza hivyo nashindwa kukirudisha mfukoni.

Jumatatu nilikipeleka kazini kwa siri. Nilikuwa najalidi daftari kubwa la wodi, ngozi ya mbuzi, na ukingo unaokunjwa kwa ndani lazima upunguzwe unene. Ngozi ilitoka utepe mmoja mrefu, mwembamba kiasi kwamba niliuinua dirishani nikaona paa la jirani kupitia humo. Mwenzangu anayeshona kurasa aliacha sindano akaja kutazama. Akauliza nimekinunua wapi. Nikamwambia hiki hakinunuliwi, hiki kitakuwa changu siku Shangazi atakapopumzika. Mpango wetu bado ni ule ule, si ndiyo?

Jambo moja tu. Ndani ya kifurushi hamkuwa na barua, na anwani iliandikwa na yule dada anayekusaidia kitaluni, Mashoto. Mwaka jana uliniandikia kurasa nne za maagizo ya kunoa kisu kimoja. Umenichoka?

Mwanao,
Gundi


11 Machi

Gundi,

Marahaba mwanangu. Usicheke mwandiko. Naandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kalamu ni ya kuokota.

Sisi wazima. Mzee Redio ameanza kupika. Unamjua mume wangu, miaka yote hii jiko alilijua kwa harufu tu. Sasa anakoroga huku anasikiliza taarifa ya habari, na kila nchi ikitajwa anaongeza chumvi. Tunakula.

Miche ya parachichi ni mia nne na kumi. Mashina yamefikia unene wa penseli. Yanangoja.

Nimefurahi kwa huo utepe wa ngozi. Sehemu hiyo nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nikamsomea Mzee Redio, akazima redio. Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Baba aliponipa kisu hicho hakunifundisha kukata. Alinipa vijiti mia vya mti wa ovyo. Akasema, kata, bandika mkato juu ya mkato, inua kwenye jua. Ukiona mwanga katikati, tupa. Nilitupa tisini na vinane. Viwili vilivyobaki nilikaa navyo mkononi mpaka vikakauka. Vijiti viwili vimegusana, na jua lote lile limekosa pa kupita. Nimeona watoto wakizaliwa, Gundi, na bado hicho hakijanitoka akilini.

Sasa kazi. Mwaka huu usikinoe kama kawaida. Geuza makali. Unajua yamechongwa upande mmoja na upande wa pili ni tambarare. Nataka pande zibadilishane. Na mpini uuchimbie bonde la gumba upande wa pili, lilingane na lile.

Usiniulize. Nifanyie tu.

Shangazi


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasalimu. Kila mtu mzima.

Agizo lako nililisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Labda sikuelewa, kwa hiyo niandike ninavyoelewa, unisahihishe.

Kisu hiki kimechongwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Upande tambarare ndio unaolala kwenye kijiti, ndiyo maana mkato unatoka umenyooka. Kikishikwa kwa mkono wa kushoto kinachimba, na mkato unatoka na tumbo. Ukigeuza makali, kinakuwa kisu cha mtu wa kushoto, na wa kulia hatakitumia tena. Ili kuyahamisha lazima nile chuma mpaka nipite makali ya sasa na kutafuta mapya nyuma yake. Hiyo ni theluthi ya kilichobaki, Shangazi. Miaka sitini na mmoja ya kunoa kwa adabu, halafu mimi niondoe theluthi kwa wiki moja.

Na mpini. Bonde lile halikuchongwa na mtu. Unataka nichonge jingine kwa patasi, lijifanye la miaka?

Sitauliza, kwa kuwa umesema nisiulize. Ila kwa ninavyojua, hapo kitaluni mtu wa kushoto ni mmoja, na jina lake linajieleza. Nasikia ni mchapakazi. Nafurahi umepata mtu.

Isitoshe jiwe langu limepasuka. Itabidi nitafute jingine, na mawe mazuri siku hizi ni shida kupatikana.

Gundi


9 Aprili

Gundi,

Marahaba. Jana Mzee Redio aliunguza chai. Sikujua chai inaungua.

Pole na jiwe. Nililiona kwako, ni nene kuliko tofali. Sijui limepasuka kwa kusikia nini.

Umeelewa agizo sawasawa. Hakuna cha kusahihisha.

Msimu unakwenda. Macho ya vikonyo yamevimba. Yakifunguka kabla vikonyo havijakatwa na kuchomekwa kwenye mashina, mwaka umekwisha. Nakihitaji kabla ya katikati ya Mei. Mashoto mzima, anakusalimu. Anafunga vizuri sana, mkono wake mwepesi. Kukata bado.

Juzi nilikaa na vijiti, nikakata kwa kisu cha jikoni. Nilikumbuka kisu cha Baba mpaka nikaona haya, mtu mzima. Kile huhitaji kukisukuma. Unakiweka kwenye mti, na mti wenyewe unaachana.

Nifanyie, mwanangu.

Shangazi


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii na kifurushi vitakukuta salama.

Nimefikiri sana, na nimepata njia ya kuridhisha watu wote. Ndani utakuta kisu kipya. Bapa nimelikata kwenye msumeno wa zamani, wa chuma kile cha zamani kinacholia kama kengele ukikigonga. Mpini ni mpera, nimeuomba kwa jirani aliyeangusha mti wake. Makali yako upande wa kushoto, na bonde la gumba nimelipima kwa nta kutoka kwenye lile la Babu, nikaligeuza kama sura kwenye kioo. Wiki tatu nilikuwa nakifanyia kazi kila nilipofunga karakana. Nikisema mwenyewe itakuwa majivuno, lakini mwenzangu wa sindano alikifungua na kukifunga mara ishirini, ikabidi nimnyang'anye.

Mpe Mashoto. Mwambie ni zawadi kutoka kwangu, na amkatie Shangazi yangu vizuri.

Cha Babu kitabaki kwangu, kama tulivyokubaliana. Hakuna atakayekigusisha jiwe.

Gundi


6 Mei

Gundi,

Marahaba. Kifurushi kimefika.

Nilikitazama kutwa nzima. Nilikiinua kwenye jua, nikatazama pale bapa linapoingia kwenye mfereji, na unywele haupiti. Nilifundishwa na fundi, nimefanya kazi na mafundi, na sikujua kama katika ukoo wetu kuna mkono wa namna hii. Baba angekishika halafu angetoka nje kidogo, alivyokuwa akifanya akizidiwa.

Nimempa Mashoto kama ulivyoandika. Alilia. Amefika umri wa kuwa mama wa watu na hakuna aliyewahi kumtengenezea kitu cha mkono wake, hata mkasi anautumia kwa kuulazimisha. Anasema asante, na ameshindwa kusema zaidi.

Cha Baba kaa nacho. Nilikuahidi, na ahadi ni ahadi. Kitalu kitaendelea. Mashoto nimemwanzishia vijiti mia, na anapenda, nimemwona anavyoinua kwenye jua. Mimi nitakaa kwenye benchi nihesabu vya kutupa. Kitalu kinaweza kwenda bila mimi. Ndicho kilichokuwa kikinitisha, basi nimekizoea.

Kaa nacho kwa amani. Msalimie Mama.

Shangazi

Gundi, ni mimi mume wake. Nimepewa barua hii nikabandike stempu, kwa hiyo nimebandika na maneno. Mkono wake wa kulia umelala tangu tarehe kumi na nne Januari. Alikuwa anamwagilia, kopo likamtoka. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani, na kwamba mguu utarudi lakini mkono tusiutegemee. Mguu umerudi. Mwandiko unaousoma ni wa kushoto. Alianza na herufi a, kama mtoto wa darasa la kwanza, akajaza daftari mbili ndipo akakuandikia barua ya kwanza. Barua hii imemchukua siku tatu. Alinikataza kusema, na mimi sijasema, nimeandika. Chumvi nimepunguza.


17 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Usimgombeze Mzee. Mimi ndiye wa kugombezwa. Kutwa nzima nashika mwandiko wa watu, nabandika kurasa za watu waliokufa miaka mingi na nikitazama naweza kukuambia nani alikuwa na haraka na nani alikuwa mgonjwa. Wako umenijia mara tatu, umelala upande usio wake, na sikuona. Sikuona kwa sababu nilikuwa na kijiba cha roho. Nilidhani unampa Mashoto kisu changu. Jiwe halikupasuka. Lilikuwa chini ya meza, nimelifunika kwa gunia ili lisinitazame.

Nimefanya. Kisu hiki hapa, nimekikabidhi kwa mtu anayekuja huko mwenyewe, sikuamini posta.

Nikueleze, maana najua utataka kujua kila kitu. Siku ya kwanza nililoweka jiwe, nikaweka kisu juu yake, nikakitoa. Nikafanya hivyo mara nne. Ya tano nikajikaza kisabuni, nikavuta. Maji yakawa meusi. Nilipoyabeba kwenda kuyamwaga mtaroni niligeuka, nikijua mle ndani mna chuma cha Babu na chako. Niliyamwagia mti ulio mbele ya mlango wa karakana. Watu wa dukani walinitazama, waache watazame.

Siku ya nne makali ya zamani yalikwisha. Kwa nusu saa hivi kilikuwa si kisu, kilikuwa kipande cha bati butu, na nilikuwa naomba. Kisha upande wa pili ukaanza kushika mwanga, kwanza ncha, halafu katikati, halafu mstari mzima. Shangazi, chuma hicho kilikuwa ndani tangu kifuliwe. Babu hakukiona. Wewe hukukiona. Hakikuwahi kugusa hewa mpaka Jumatano mchana, juu ya meza yangu iliyojaa vumbi la karatasi. Nilikaa chini sakafuni.

Bonde la gumba sikulipima kwa nta. Nilifunga mkono wangu wa kulia kiunoni kwa kitambaa, nikafanya kazi kwa kushoto siku mbili. Nilimwaga chungu cha gundi, nikajikata mara mbili, nikabandika jalada la daftari juu chini. Ila siku ya pili gumba lilianza kuteleza kwenda mahali lilipotaka lenyewe, juu kidogo ya nilipodhani. Nikaweka alama ya penseli hapo, nikachimba hapo, kidogo tu. Kilichobaki utakichimba mwenyewe. Msumari wa shaba unaoshika bapa nimeulegeza, kitafunguka kwa kidole kimoja. Usikifungue kwa meno, maana nakujua.

Bapa limebaki jembamba mno. Kwa unavyonoa ni misimu mitano, labda sita. Baada ya hapo kitakuwa mpini na sindano. Usikitunze kwa ajili yangu. Sitaki kisu kilichotunzwa. Kitumie mpaka kiishe.

Nisamehe.

Gundi


4 Julai

Gundi mwanangu,

Marahaba. Mzee Redio sikumgombeza. Nilimnyima neno siku mbili, akateseka vya kutosha, mtu aliyezoea sauti nyumbani. Mguu wangu mzuri. Mkono wa kulia umelala, nauogesha na kuuvisha kama mgeni, hatugombani.

Nimechelewa kuandika kwa makusudi. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua.

Kisu kilifika asubuhi. Nilikwenda nacho nyuma ya kibanda peke yangu, maana sikujua nitafanya nini. Nikakifungua kwa kidole kimoja. Nikaweka gumba kwenye bonde lako, na gumba likakaa. Umelijuaje? Mimi mwenyewe nisingejua kukuelekeza. Nikakaa juu ya mfuko wa mbolea, na nikalia kwa sauti mpaka Mashoto akaja mbio akidhani ni nyoka.

Nilikata vijiti mia. Nikatupa mia. Nikakata mia tena, nikatupa mia. Mkono wa kushoto una nguvu lakini hauna akili, kila kitu lazima uuambie. Nilikuwa nauamuru kwa mdomo, shuka, lala, vuta, polepole, na usipouambia unasimama katikati ya mkato kama aliyesahau alichotumwa. Katika mia ya tatu kilipatikana kimoja. Mashoto alikiinua yeye, kwa sababu mimi niliogopa. Alikaa nacho juu muda mrefu. Akasema, "Mama, hamna kitu. Hapapiti kitu." Nikamwambia atazame tena. Akatazama tena.

Ndipo tukahamia kwenye miche. Yeye anashika, mimi nakata, yeye anafunga. Mashina mengine anakata yeye kwa kisu chako, na kusema kweli anaanza kunitisha, ana jicho. Macho ya vikonyo yalikuwa yameanza kufunguka, tulikuwa tunakimbizana nayo. Nilikata sitini. Nikangoja, na unajua kungoja kwa miche, huwezi kufukua kutazama. Wiki ya kwanza kumi na mitano ikakauka. Ya pili ikakauka ishirini. Niliacha kwenda upande huo, nikawa nazungukia nyuma ya tangi.

Wiki ya tano Mzee Redio aliniita, na redio ilikuwa imezimwa. Kikonyo kilikuwa kimetoa majani mawili, mekundu yale ya mwanzo, madogo kuliko ukucha. Halafu kingine. Mpaka leo imeshika kumi na mmoja. Kumi na mmoja kati ya sitini, Gundi. Enzi zangu ningelia kwa aibu. Nimeitembelea mmoja mmoja, na kila mmoja nimeusimamia mpaka nikachoka kusimama, nikistaajabu kwamba mti huu na mti ule imekubali kuwa kitu kimoja kwa sababu ya mkono usiojua kazi.

Lakini si hicho nilichokaa kukuandikia. Nilichokaa kukuandikia ni cha jana.

Tulikuwa tunakata vijiti vya mwisho, vya miti iliyochelewa. Mashoto aliniuliza kuhusu maji, kama tumwagilie jioni au tuache, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nikamwambia tuache. Akasema mwaka jana tuliacha na mvua haikuja. Nikamwambia mwaka jana ilikuwa mwaka jana. Tukabishana hivyo, akacheka, na mimi nikacheka. Kisha akawa anatazama mikono yangu. Nikatazama chini. Kijiti kilikuwa kimeshakatwa, mkato umelala umenyooka mwanzo hadi mwisho, na sikumbuki kuuambia mkono kitu chochote.

Shangazi yako